Kiberiti Nilichompa Mama Mkwe

Nimekosa, na sitaki mtu aniambie kwamba sikukosa. Wapo walioniambia hivyo, tena watu wazima wenye heshima zao, na kila aliposema mmoja nilitamani nimzibe mdomo kwa kiganja. Kosa ni langu! Nakwambia wewe usiyenijua kwa sababu wanaonijua wamenisifu kwa kosa hilohilo, na sifa ile imenikaa kooni mpaka leo.

Jina langu liache. Jua tu kwamba mimi ni mke wa mtu, naishi Iramba, mwendo wa nusu siku kutoka mgodi wa dhahabu wa Sekenke. Mume wangu anafanya kazi huko kwenye mashine ya kusaga mawe. Analala kambini pamoja na wenzake, nyumbani anakuja mwisho wa mwezi kwa lori. Watoto Mungu hajatupa bado. Nilisoma misheni mpaka darasa la nne, na hilo nalitaja mapema kwa kuwa ndipo kichwa changu kilipoanza kuvimba.

Mume wangu alipozoea mshahara alinijengea nyumba ya bati, ya kwanza upande wetu. Wengine wote wanakaa kwenye tembe, zile nyumba zetu za udongo zenye paa la udongo, ambazo ukitaka unaanika mtama juu yake. Mimi bati! Sasa nikwambie jambo ambalo wenye bati hawalisemi: mchana ni tanuri, na mvua ikinyesha humsikii hata mtu aliyekaa kando yako. Lakini ningelalamika kwa nani? Nilikaa humo natoka jasho, na akipita mtu natabasamu.

Vitu vikaja kimoja kimoja na lile lori. Sufuria. Pasi ya mkaa. Taa ya karabai. Jiko la mafuta ya taa, lile la kupigwa pampu, la chai tu, maana uji na ugali bado nilipika kwa kuni. Saa ya mezani yenye kengele. Basi hiyo saa ilikuwa inalia alfajiri ili iniamshe, na mimi jogoo amekwisha kuniamsha zamani. Lakini nilibaki kitandani macho wazi, naingojea ilie, ndipo niamke kama mtu wa mjini. Cheka tu, hata mimi nacheka nikikumbuka.

Sisemi kwamba vitu hivi ni vibaya. Sikiliza vizuri, maana wapo watu wakisikia habari yangu wanarukia kusema mambo ya kizungu yametuharibu. Hapana! Sufuria naipenda, na atakayenirudisha kwenye chungu tutagombana. Tatizo halikuwa chombo. Tatizo nilikuwa mimi mwenye chombo.

Kwetu moto haunyimwi. Ukiamka moto wako umezimika, unachukua kigae cha chungu kilichovunjika, unatia majivu kidogo, unakwenda kwa jirani kuomba kaa. Chumvi unaweza kunyimwa, hata unga, lakini moto wanapeana hata watu waliogombana. Tena ukishapewa huondoki mbio. Unakaa kidogo, unaulizwa umeamkaje, unauliza na wewe, kisha unakwenda na kigae chako kinafuka moshi.

Na mama mkwe kwetu haingii tu jikoni kwa mke wa mwanawe akajikalia bila jambo. Watu watasema anapeleleza vyungu. Mpaka awe na shida.

Sasa mama mkwe wangu, mjane, tembe lake lilikuwa ng'ambo ya zizi la ng'ombe. Nikisimama mlangoni kwangu naona mlango wake. Huyu mama alikuwa na shida ya moto kila siku ya Mungu.

"Hodi humu."

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Moto wangu umezimika tena."

Anaingia, anavuta kigoda, anaweka kigae chake sakafuni. Ataniuliza nimelalaje, na si kwa mdomo tu, anangoja jibu. Ataniuliza nimeota nini. Atanisimulia kuku yupi amehama kutaga. Nampa uji katika bakuli la bati, anaonja, ananitazama.

"Mwanangu, unga umekwisha, au umeuonea huruma?"

Hiyo ndiyo ilikuwa kila siku! Uji mwepesi, au uji una madonge, au mlenda wa jana niliukoroga mno. Na nguo zake zilikuwa na harufu ya majivu yaliyolowa maji, harufu nzito inayobaki jikoni hata akishaondoka. Nilidhani paa la tembe lake linavuja. Ilikuwa kiangazi, mbingu nyeupe, tone la mvua hakuna, lakini sikujisumbua kufikiri zaidi.

Nilimchoka. Nasema wazi. Nilikuwa nikisikia ile hodi nauma meno. Nilikuwa nataka asubuhi yangu, nyumba yangu, saa yangu ilie, nisukume pampu ya jiko langu, ninywe chai kimya kama nilivyoona nyumbani kwa mwalimu wetu pale misheni. Tena niliona kama ananitazama tumbo. Hakuwahi kuniuliza habari ya mtoto hata mara moja, Mungu ni shahidi, lakini niliona kama ananitazama.

Siku moja mume wangu alikuja na karani wa mgodini na mke wa karani. Yule mwanamke alitoka Singida mjini, viatu miguuni, leso mkononi, anakaa kwenye kiti kama anayeogopa kukichafua au kuchafuliwa nacho. Asubuhi nimetandaza kitambaa mezani, vikombe vyangu vya maua vimepangwa, mara hodi! Mama mkwe na kigae chake. Akasalimia wageni wote mmoja mmoja kwa urefu, jinsi tunavyosalimiana sisi, mpaka habari za ng'ombe wasiokuwa nao. Kisha akachutama jikoni, akachota kaa, na majivu yakamwagika juu ya sakafu yangu ya saruji.

Mke wa karani akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini iliyosikika nyumba nzima, "Kumbe huku bado mnaombana moto?"

Akacheka. Mume wangu naye akacheka kidogo, cheko la mtu anayetaka jambo lipite. Mama mkwe akacheka pia. Nadhani hakuelewa kilichochekwa, au alielewa. Mimi sikucheka. Uso uliniwaka. Loo! Niliona nyumba yote ya bati na saa na jiko la pampu vimekuwa si kitu mbele ya yule mwanamke, kwa sababu ya kigae kimoja cha chungu.

Wageni walipoondoka, mume wangu amepanda lori pamoja nao, nilikwenda kwenye boksi la viberiti alivyoniletea nikachukua kimoja. Kesho yake mama alipobisha hodi nilikuwa nimejitayarisha, hata maneno nilikuwa nimeyapanga.

"Mama," nikamwambia, "baridi hii ya asubuhi itakuumiza bure. Chukua hiki. Unakwaruza njiti hapa ubavuni, moto unawaka. Huna haja ya kutembea tena."

Akakipokea kwa mikono miwili. Akakigeuza huku na huku.

"Moto wote huu ni wangu?"

"Wako wote, mama. Kikiisha nitakuletea kingine."

"Kwa hiyo nisije."

"Usihangaike, mama."

Uji wake ulikuwa tayari kwenye bakuli, unatoa mvuke. Akautazama, akanitazama mimi.

"Ahsante, mwanangu," akasema. Akainuka, akachukua kigae chake kikiwa kitupu, akaenda zake. Uji hakuugusa.

Mungu wangu! Sikumwita. Nilisimama mlangoni nikamtazama akilizunguka zizi, na unajua nilisema nini moyoni? Nilisema afadhali.

Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Nikitazama ng'ambo ya zizi naona moshi unatoka kwenye tembe lake, umechelewa kidogo kuliko zamani lakini upo. Nikajisemea, haya, kiberiti kinafanya kazi. Niliona fahari hasa! Jumapili tukakutana kanisani, nikamwuliza mbele ya wanawake wenzangu, "Kiberiti kinafanya kazi, mama?"

"Kinafanya, mwanangu."

Wanawake wakaniambia nina roho nzuri, mkwe wa kisasa, wangepata wao wa namna hiyo. Nikaipokea ile sifa. Nikaenda kuisimulia na penginepo ambapo hakuna aliyeniuliza.

Unga nilikuwa nampelekea, sikumwacha na njaa. Nilikwenda mchana, nikimkuta nampa, nisipomkuta naweka ndani ya mlango. Salamu, haya mama, haya mwanangu, basi. Hakuna kigoda. Hakuna uliota nini. Asubuhi yangu nikaipata kama nilivyoitaka, na nikwambie ukweli, nilikaa na chai yangu nikisikia ile saa ikigonga, tiki, tiki, mpaka nikawa naifunika na kitambaa. Nilianza kutia unga mwingi kwenye uji, ukawa mzito sawasawa, na hapakuwa na mtu wa kuuona. Bado sikukubali kwamba nimekosa. Niliona ni uchovu tu.

Ikafika miezi ya upepo, ile baridi yetu inayopasua midomo. Asubuhi moja nimekaa, nasikia watu wanaongea kwa haraka nje. Wanaume wawili waliokuwa wakipeleka ng'ombe malishoni, nawafahamu wote.

"Mama yenu ameanguka korongoni," mmoja akasema. "Hawezi kusimama."

"Korongoni? Alikuwa anafanya nini korongoni?"

Wakatazamana. Lile korongo liko mbali, upande wa kwenda kwa jirani yetu Mama Eliya, mteremko wa mawe mtupu. Hata mimi mwenye miguu mizima nashuka kwa kushika majani.

"Tulimkuta na kigae," yule wa pili akasema. "Makaa yamemwagika, mengine yamemwunguza mkono. Sisi tukashangaa. Moto wa nini atembee mpaka kule, na nyumba ya mwanawe ipo hapa?"

Nikakimbia bila viatu.

Walikwisha kumleta kwa kitanda cha ngozi, wakamlaza ndani ya tembe lake. Nyonga ilikuwa imevunjika. Mganga wa zahanati ya misheni alikuja akampapasa, akatufundisha namna ya kumgeuza, akaacha dawa ya maumivu. Mkono wa kulia ulikuwa umebabuka kiganjani. Alikuwa ameshika makaa akiwa ameanguka, anayarudisha kwenye kigae.

Mama Eliya alikuwa amefika kabla yangu. Huyu ni mwanamke wa makamo, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, mtu wa maneno mengi lakini moyo wake safi. Alinivuta nje, akanishika mikono yote miwili, na machozi yanamtoka akawa anatabasamu.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Lakini wewe usilie hivyo, usijitaabishe katika hali yako. Na hongera, tumesikia."

"Mmesikia nini?"

"Si mama ametuambia! Amekuwa anakuja kwangu kila asubuhi kuomba moto. Nikamwuliza, mbona unavuka korongo na mkwe wako yupo pale mlangoni? Akasema, mwacheni mkwe wangu, ana mimba changa, moshi wa asubuhi unamtapisha. Nisimbughudhi. Akasema tusiseme sana mpaka ionekane."

Jamani! Jamani, jamani! Nilitamani ardhi ipasuke. Sina mimba. Sikuwa nayo, na halijaipata tumbo langu mpaka leo. Yule mama alivuka mawe yale kila siku na baridi ile, na akaona haitoshi, akanitungia na sababu ya heshima ili watu wasiseme mke wa mwanangu amenifukuza jikoni kwake.

Unadhani nilimwambia Mama Eliya ukweli? Sikumwambia. Nilisema ahsante. Nilipokea hongera ya mtoto asiyekuwapo, na mama mkwe amelala ndani anaugulia.

Nikahamia tembeni kumwuguza. Nilimgeuza, nilimwosha, nilimlisha. Uji nilimpikia mzito, akaonja kwenye kijiko, akafumba macho.

"Leo hukuuonea huruma," akasema.

Nikacheka na kulia pamoja. Nikaona ndiyo nafasi ya kusema. Ulimi ukawa mzito, badala ya kuomba msamaha nikauliza swali, tena kwa sauti ya kulaumu, kama kwamba yeye ndiye aliyekosa!

"Mama, kwa nini hukuwasha kiberiti? Kwa nini uende kuomba moto kule kote na kiberiti unacho?"

Alilamba uji uliobaki mdomoni.

"Mwanangu, mimi nimepika tangu sijaota matiti. Nimefukia moto kwenye majivu tangu enzi za Wajerumani. Unafikiri kuna mwanamke mzima wa huku anazimikiwa na moto kila siku?"

"Sasa moto wako ulikuwa unazimikaje?"

"Nilikuwa naumwagia maji."

Alilisema kama mtoto aliyekamatwa, huku anatabasamu upande mmoja.

"Ningekuja kwako niseme nini? Niseme nimekuja kukutazama? Ungesema mama mkwe ananichunga. Nikaona nikimwaga maji kidogo nitakuwa na shida, na mwenye shida hafukuzwi. Wewe uko peke yako kwenye nyumba kubwa, mwanangu yuko mgodini. Mimi niko peke yangu huku. Nilisema, wawili wakikaa pamoja kidogo asubuhi, siku inakuwa fupi."

Ile harufu! Majivu yaliyolowa, wakati wa kiangazi! Nilikuwa naisikia kila siku kwenye nguo zake na sikuwahi kuuliza inatoka wapi.

"Kwa Mama Eliya kuna kelele," akaongeza. "Watoto wengi, na uji wanatia sukari. Lakini nilikuwa nasikia watu wakizungumza."

Hapo ndipo ningesema nisamehe, mama. Maneno mawili tu. Nikasema ngoja apate nafuu kwanza, ngoja mume wangu aje, nitasema mbele yao wote wawili. Nilikuwa naahirisha tu, na najua. Ni rahisi sana kumpikia mtu uji mzito kuliko kumwomba msamaha. Mume wangu akaja, akakaa naye, akarudi mgodini, sikusema. Kifua kikamshika mama kwa sababu ya kulala mgongo. Akafa asubuhi, saa ileile aliyokuwa akinibishia hodi, na mimi nimekwenda nje kuchukua kuni.

Sikumwambia!

Kwenye mazishi mzee wa kanisa akasimama, akasema habari za marehemu, kisha akanigeukia mimi. Akasema wasichana waige mfano wa mkwe huyu. Amesoma, ana nyumba nzuri, lakini hakumdharau mama wa mume wake. Hata kiberiti alimpa ili asipate tabu ya moto. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikainamisha changu kama mnyenyekevu. Nilipokiinua nikamwona Mama Eliya ananitazama tumbo, kanga niliyoifunga imenibana, tumbo bapa kabisa, na uso wake ukabadilika polepole. Alikuwa anaanza kuelewa. Hakusema kitu, wala siku ile wala baadaye, ila tangu hapo salamu zake zimekuwa fupi.

Baada ya matanga tukaanza kutoa vyombo vya mama. Mume wangu akapapasa juu ya boriti, pale mama alipokuwa anaweka vitu vyake vya thamani. Akashusha kitambaa kilichokunjwa, kitambaa cha kilemba chake cha kanisani. Akakifungua. Kiberiti. Akakitikisa, kikalia kizito. Akasukuma kidroo chake kwa kidole: njiti zote zimepangwa kama zilivyotoka dukani, na ubavuni hakuna hata mkwaruzo.

"Sasa alikuwa anawasha na nini?" akaniuliza.

Nikamwambia. Mara hii sikuahirisha, nilisema yote. Mke wa karani, uji uliobaki kwenye bakuli, "nisije" na "usihangaike", mimba ya uongo, maji ya kuzimia moto. Nilingoja anipige, nilingoja anitukane, na ningeshukuru. Alikaa juu ya kigoda cha mama yake, kile kiberiti mkononi.

"Mimi ndiye niliyekinunua," akasema.

Alipoondoka alikichukua, akakitia mfukoni.

Hajaniacha, ukiulizwa mimi ni mke wa mtu. Lakini mwisho wa mwezi siku hizi lori linakuja bila yeye. Linashusha unga, sabuni, debe la mafuta ya taa, na dereva ananiambia bwana anasema kazi ni nyingi. Juzi limeshusha santuri, sanduku zuri lenye pembe yake na sahani zake. Watu wanaimba humo ndani vizuri mno, wala hakuna anayeuliza umeamkaje. Nimeipiga mara moja nikaifunika.

Sasa ngoja nimalizie la mwisho, ndilo lililonifanya niandike.

Juzijuzi niliamka, moto wangu niliufukia jana yake na ulikuwa hai, mwekundu chini ya majivu. Nikautazama. Nikachukua kata ya maji nikaumwagia. Ukalia, mvuke ukapanda, na jiko lote likajaa ile harufu. Nililia palepale nimechutama. Kisha nikatafuta kigae, nikakipata nyuma ya tembe la mama, nikatia majivu, nikashuka korongo nashika majani, nikapanda upande wa pili mpaka kwa Mama Eliya. Nilikuwa nimepanga kumweleza kila kitu. Nilitaka kukaa tu kidogo.

Mama Eliya hakuwapo, alikwenda shambani. Nilimkuta mke wa Eliya, binti mdogo ameolewa mavuno haya haya, kanga mpya, adabu tele. Alinipigia magoti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Moto wangu umezimika."

Alikitazama kigae changu. Akaona na miguu yangu ilivyochubuka na mawe. Huruma ikamjaa usoni, huruma ya kweli, si kama ile ya kwangu. Akakimbia ndani, akarudi na kiberiti kipya, akakiweka kwenye kiganja changu kwa mikono miwili.

"Chukua chote, mama. Usihangaike kuvuka korongo tena."

Nilisimama pale. Nilitaka kumwambia niruhusu nikae, nipe kigoda, niulize nimeota nini! Nikasema ahsante, mwanangu. Nikaondoka na kigae kitupu.

Basi wewe unayesoma, uwe na bati, uwe na saa, uwe na santuri, Mungu akuzidishie. Lakini kama kuna mtu anakuja kwako kila siku kuomba kitu ambacho unajua kabisa kwake kipo, usimpe kingi. Mpe kidogo, na kigoda akalie, ili kesho awe na sababu ya kurudi.